Mshamba na Pazia: Juu ya Filamu Zinazosimulia Utengenezaji wa Filamu

Mnamo mwaka 1902 kampuni ya Edison ya Marekani ilitoa filamu fupi iliyotengenezwa na Edwin S. Porter, ambamo mzee mmoja wa mashambani, Uncle Josh, anakwenda kutazama picha za sinema. Anapomwona mcheza dansi kwenye pazia jeupe, anaruka jukwaani apate kucheza naye. Garimoshi linapomjia, anatimua mbio. Hatimaye anawaona mwanamume na mwanamke wa shamba kama yeye wakibembelezana. Anavua koti lake ili ampige yule mwanamume, analirarua pazia, na nyuma yake anamkuta mwendesha projekta, ambaye anamkamata na kugaagaa naye sakafuni. Wazo lenyewe Porter alikuwa amelichukua kwa Mwingereza R. W. Paul, aliyetoa filamu ya namna hiyo hiyo mwaka 1901. Sinema ilianza kuonyeshwa kwa malipo na ndugu wa Lumière mjini Paris mwezi wa Desemba 1895. Haikutimiza basi hata miaka sita kabla ya kuanza kujisimulia yenyewe.

Swali la kwa nini watengenezaji filamu na watazamaji wao wanazipenda sana filamu zinazosimulia utengenezaji wa filamu limezoea kujibiwa kwa haraka kupita kiasi. Husemwa kwamba wasanii hujipenda. Hutajwa tuzo za Oscar, ambazo katika mwaka 2012 zilimpa nafasi ya kwanza The Artist, hadithi ya mwigizaji wa filamu bubu, na mwaka uliofuata zikampa Argo, hadithi ya majasusi wanaojisingizia kuwa watengenezaji filamu. Jibu hili si la uwongo, lakini linamhusu mtengenezaji peke yake. Halielezi kwa nini mtazamaji wa Kisumu au wa Kampala, asiye na shamba wala mbuzi huko Hollywood, akubali kutoa fedha zake ili aonyeshwe jinsi watu asiowajua walivyohangaika kumtengenezea starehe. Ili kumfahamu mtazamaji huyo ni lazima kurudi kwa Uncle Josh.

Kichekesho cha Porter kinamlenga nani? Ni dhahiri kwamba hakimlengi mshamba halisi, kwa kuwa huyo hayumo ukumbini. Kinamlenga mtu wa mjini aliyelipa kiingilio, na kinamnong'oneza kwamba yeye si kama yule mzee. Yeye anajua kuwa garimoshi lile ni kivuli tu. Na ajabu ni kwamba maarifa hayo hayampunguzii raha hata chembe. Anajua kuwa anadanganywa, na anafurahia kudanganywa kwa sababu anajua. Raha ya sinema, tangu mwanzo wake, ilikuwa na sehemu hizi mbili, na filamu inayosimulia filamu huzishika zote mbili kwa mkono mmoja: inamfunulia mtazamaji hila, kisha inamnasa kwa hila ile ile iliyokwisha kufunuliwa. Ndiyo maana wanahistoria wengi wa sinema hawaiamini tena hadithi maarufu ya watazamaji wa kwanza wa Paris waliodaiwa kutoroka ukumbini kwa kuogopa garimoshi la Lumière. Hadithi hiyo ilihitajika. Sinema ilimhitaji mjinga wake, na asipopatikana ilibidi atungwe.

Mjinga huyo hakukaa Marekani. Katika miaka ya 1920 na 1930 alihamishiwa Afrika, safari hii akivishwa joho la elimu. William Sellers, ofisa wa afya aliyeanza kuonyesha filamu nchini Nigeria na ambaye baadaye aliongoza Colonial Film Unit iliyoundwa na serikali ya Uingereza mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hana uwezo wa kufuata mbinu za kawaida za sinema. Kwa maoni yake, filamu za Waafrika ziende polepole, zisirukeruke kutoka picha moja hadi nyingine, zisiwe na hila yoyote ya kamera. Ikasimuliwa sana hadithi ya wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa pazia zima, nao wakajibu kwa utulivu kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo, kwa hiyo hawana haja ya kuogopa malaria. Ikasimuliwa pia ile ya watazamaji walioonyeshwa filamu ya usafi wa mazingira, na walipoulizwa wameona nini wakajibu kuwa wameona kuku. Hii ya pili iliandikwa na John Wilson wa Chuo Kikuu cha London mwaka 1961, akanukuliwa na Marshall McLuhan mwaka uliofuata, na tangu hapo kuku yule amezunguka katika vitabu vya mataifa kana kwamba ana mabawa ya tai.

Inawezekana kabisa kwamba kuku alikuwamo katika picha na kwamba watu walimwona. Wafugaji huwaona kuku. Lakini kutoka kwa kuku hadi kanuni kwamba bara zima haliwezi kuelewa mkato wa picha ni mruko ambao Sellers mwenyewe asingeuruhusu katika filamu zake. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba nadharia hii ilimnyima Mwafrika ile sehemu ya pili ya raha ya sinema. Aliruhusiwa kuona, hakuruhusiwa kujua kwamba anaonyeshwa. Wale wa Bantu Educational Kinema Experiment, waliofanya kazi Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, na ambao walitengeneza filamu zilizosindikizwa na maelezo ya Kiswahili na lugha nyinginezo, walikuwa na ari zaidi ya majaribio kuliko Sellers. Hata hivyo nao lengo lao lilikuwa ni mtazamaji wa kufundishwa. Filamu inayojicheka yenyewe haikuwa na nafasi katika ratiba ya namna hiyo, iliyojaa kilimo na usafi.

Laiti mabwana hawa wangezichungulia kidogo fasihi za lugha walizozitumia kama chombo tu! Katika utenzi wa Kiswahili, ni kawaida mtunzi kuanza, baada ya kumtaja Mungu, kwa kuagiza wino, kalamu na karatasi, na pengine kueleza namna karatasi itakavyopigiwa mistari. Na mwishoni hujitaja jina na ukoo, hutaja tarehe, huhesabu beti zake, na huwaomba wajuzi wamrekebishie makosa. Mwana Kupona, katika utenzi alioutunga mwaka 1858, anamwita bintiye asogee karibu na wino na karatasi, na mafunzo yote yanayofuata yanasomwa kwa kumbukumbu ya mama mgonjwa aketiye na msichana aandikaye. Wanafunzi hufundishwa kuita sehemu hizi dibaji na hitimisho, kisha wakazivuka upesi ili wafike kwenye kile kinachoitwa maudhui. Lakini dibaji hizo ni sehemu ya maudhui. Zinamwonyesha msomaji utunzi ukitendeka, na hakuna msomaji wa Lamu au Pate aliyewahi kuchanganyikiwa kwa sababu hiyo. Ebrahim Hussein naye, katika Mashetani (1971), anaanza kwa vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaocheza mchezo wa shetani na binadamu ndani ya mchezo, na hadhira ya Kiswahili haikuhitaji ofisa wa kuifafanulia.

Ushahidi wa karibu zaidi uko katika vibanda vya video. Nchini Tanzania, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alipata sifa kubwa kwa kuzitia filamu za kigeni maelezo ya Kiswahili yanayofunika sauti za asili. Nchini Kenya DJ Afro amefanya hivyo hivyo kwa lugha ya vijana, akiwatilia mashujaa wa Hong Kong na Marekani mizaha ya papa hapa. Na nchini Uganda wapo wale waitwao VJ. Mtu wa namna hii si mfasiri tu. Husema kabla ya tendo kwamba tendo linakuja, humsuta mwigizaji kwa woga wake, hukosoa uhodari wa kupigana, huulizana na watazamaji kwa nini adui hafi. Katika Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala na kutolewa mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie imekuwa sehemu ya filamu yenyewe. Anaitangaza studio, anawacheka waigizaji, anashangilia helikopta ambayo kila mwenye macho anaona kuwa ilichorwa na kompyuta ya bei rahisi. Hakuna anayedanganyika na hakuna anayeondoka. Mjukuu wa yule mwanakijiji wa Sellers ameketi kwenye bao ndefu, na raha yake kuu ni kule kujua kwamba haya yote yametengenezwa, tena yametengenezwa na watu wa mtaa wake.

Hadi hapa hoja imekuwa kwamba filamu inayosimulia filamu humheshimu mtazamaji kwa kumhesabu miongoni mwa wajuao. Lakini heshima hiyo ina bei, na bei yake haionekani mpaka mtu aulize ni nini hasa kinachofunuliwa pazia linapovutwa.

Filamu inayopendwa kuliko zote katika kundi hili huenda ni La Nuit américaine ya François Truffaut (1973). Jina lake lenyewe ni la ufundi: ndivyo Wafaransa waitavyo mbinu ya kupiga picha mchana, kwa kioo maalumu cha kamera, zionekane kuwa za usiku. Filamu inaanza katika uwanja wa mji wenye watu wengi. Kijana anatoka katika mlango wa reli ya chini ya ardhi, anamzaba kofi mwanamume mmoja, na ghafula sauti inasimamisha kila kitu. Uwanja wote ni wa mbao na plasta, uliojengwa katika studio za Victorine mjini Nice, na tukio linarudiwa tena na tena. Kuanzia hapo mtazamaji anapewa siri moja baada ya nyingine. Theluji ni povu. Mshumaa una taa ya umeme ndani yake. Mwigizaji mkongwe anasahau maneno na kufungua mlango usio wake mara kadhaa mfululizo. Paka anakataa kunywa maziwa mbele ya kamera, watu wazima wamemzunguka kwa unyenyekevu kama mbele ya sultani, mpaka anatafutwa paka mwingine. Truffaut mwenyewe anaigiza kama mwongozaji, akiulizwa maswali kutwa kucha, na mara nyingi hana jibu.

Kisa hiki cha paka kinastahili kutafakariwa, kwa kuwa ndicho wengi wanachokikumbuka. Kwa nini kinapendeza? Kwa sababu kinaonyesha kazi. Katika filamu nyingi za kibiashara watu hawafanyi kazi. Wana ajira zinazotajwa tu, na muda wao wote ni wa mapenzi na kukimbizana. Filamu inayosimulia filamu ni mojawapo ya nafasi chache ambamo sinema hukubali kuonyesha watu wengi wakishirikiana kutimiza jambo gumu, dogo na la kipuuzi, kwa ustadi na kwa subira, na jambo lenyewe likakamilika. Mtazamaji aliyetoka kazini ambako bidhaa humtoka mikononi bila kuiona mwisho wake, anaona hapa kazi yenye mwanzo na mwisho. Hiyo ni hamu ya haki. Wenye kudai kwamba filamu hizi hupendwa kwa sababu ya udaku wa maisha ya nyota hawajawahi kuona jinsi ukumbi unavyokaa kimya wakati wa yule paka.

Hata hivyo Jean-Luc Godard, rafiki wa Truffaut wa tangu ujana, alipoitazama filamu hii mwaka 1973 alimwandikia barua akimwita mwongo. Lawama yake mojawapo ilikuwa kwamba katika filamu ambamo kila mtu ana mambo yake ya mapenzi, mwongozaji peke yake ndiye anayebaki safi. Truffaut alijibu kwa barua ndefu na kali, na urafiki wao ukafia hapo. Barua ya Godard haikuwa na usafi wowote, maana humo humo aliomba fedha za filamu yake. Lakini aligusa jipu. Pazia lililovutwa na Truffaut linafichua mbao, povu na paka. Halifichui kwa kiasi hicho uwezo wa mtu mmoja juu ya wengine. Anayefunua ndiye anayechagua cha kufunuliwa, na ni nadra ajifunue mwenyewe. Godard mwenyewe, miaka kumi nyuma, katika Le Mépris (1963), alikuwa amemweka mwenye fedha wa Kimarekani katikati ya hadithi ili ionekane nani anayetoa hundi na kwa masharti gani. Na ni kweli pia kwamba Le Mépris haipendwi na watu kama ipendwavyo La Nuit américaine.

Mfano ulio wazi kuliko huo ni Singin' in the Rain ya Stanley Donen na Gene Kelly (1952). Hadithi yake inahusu kuingia kwa sauti katika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920. Nyota Lina Lamont ana sura nzuri na sauti ya kukwaruza. Msichana asiyejulikana, Kathy Selden, anasema na kuimba badala yake bila kutajwa. Mwishoni, Lina akiwa jukwaani anajifanya anaimba, wanaume watatu wanavuta kamba, pazia linafunguka, na hadhira inamwona Kathy nyuma yake akiwa na kipaza sauti. Hili ni tukio la Uncle Josh lililogeuzwa: pazia linaondolewa, nyuma yake yuko mfanyakazi, na safari hii anashangiliwa. Hakuna mtazamaji asiyefurahi, kwa kuwa haki imetendeka.

Sasa ukweli wa studio ulikuwa huu. Debbie Reynolds, aliyeigiza kama Kathy, hakuimba nyimbo zake zote katika filamu hii. Baadhi ziliimbwa na Betty Noyes, ambaye jina lake halikuandikwa katika orodha ya waliohusika. Na pale Kathy anapoonekana akitoa sauti ya maneno kwa ajili ya Lina, sauti inayosikika ni ya Jean Hagen, yaani mwigizaji yule yule aliyepewa kazi ya kuwa Lina mwenye sauti mbaya. Filamu inayohubiri kwamba kila sauti irudishiwe mwenyewe ilitengenezwa kwa kuficha sauti za wenyewe. Nyuma ya pazia lililofunguliwa palikuwa na pazia lingine, na la pili halikufunguliwa kwa sababu la kwanza lilikuwa limekwisha kuiridhisha hadhira. Hapa ndipo palipo na siri ya upendo wa watengenezaji kwa filamu hizi. Hakuna njia bora ya kuuficha mlango wa ndani kuliko kuuacha wazi ule wa nje.

Isidhaniwe kwamba lazima iwe hivyo. Dziga Vertov, katika filamu yake ya mwaka 1929 kuhusu mtu mwenye kamera, alithubutu kumwonyesha mhariri, Elizaveta Svilova, mkewe, akiwa mezani na mikasi na vipande vya filamu, na mpiga picha Mikhail Kaufman, nduguye, akipanda madaraja na kulala chini ya garimoshi. Zaidi ya hayo, mkono wa Svilova unaokata filamu umewekwa kando ya mikono ya wanawake wanaoshona. Maana yake haina utata: kuhariri filamu ni kazi miongoni mwa kazi, na mhariri ni ndugu wa mshonaji. Mkato wa namna hiyo ndio Sellers alioupiga marufuku kwa Waafrika. Vertov hasimulii kisa wala hana nyota, na pengine ndiyo sababu filamu yake hupendwa zaidi vyuoni kuliko mitaani. Lakini deni la wote waliomfuata kwake bado halijalipwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, filamu inayomhusu moja kwa moja ni White Hunter Black Heart ya Clint Eastwood (1990). John Huston alikuja Uganda na Kongo ya Wabelgiji mwaka 1951 kutengeneza The African Queen. Peter Viertel, aliyemsaidia kuandika mazungumzo, alitoa riwaya juu ya safari hiyo mwaka 1953, akiwabadilisha watu majina. Na Eastwood aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, akaipigia picha Zimbabwe, yeye mwenyewe akiwa mwongozaji na mwigizaji mkuu. Visa vya utengenezaji wa The African Queen, vya magonjwa, wadudu na wiski, vimesimuliwa sana na wapenzi wa sinema, na Katharine Hepburn alivitolea kitabu kizima mwaka 1987. Katika visa hivyo Afrika ni taabu waliyoipata wengine. Kwamba mashua zilikuwa na watu wa kuzisukuma, na kambi zilikuwa na watu wa kuzijenga, hujulikana kwa kudokezwa tu.

Sifa ya Eastwood ni kwamba hakuishia hapo. Mwongozaji wake, aitwaye John Wilson (msomaji atagundua kwamba ni jina la yule mtaalamu wa kuku, ingawa ni sadfa), anasahau filamu kwa tamaa ya kumwua tembo. Watu wote wanamngoja, fedha zinateketea. Mwishoni anakabiliana na tembo, anashindwa kufyatua risasi, na tembo anamwua mwongoza njia Mwafrika, Kivu, aliyejitokeza kumlinda. Wilson anarudi kijijini, ngoma zinatangaza msiba kwa maneno ambayo ndiyo jina la filamu, naye anaketi kwenye kiti cha mwongozaji mbele ya watu wake wote waliokwisha kujipanga, na kwa sauti iliyokauka anatamka amri ya kuanza kupiga picha. Filamu inakwisha hapo.

Hakuna mwisho wa filamu ya aina hii wenye ukweli mchungu kuliko huu. Guru Dutt, katika Kaagaz Ke Phool (1959), alikuwa amemfisha mwongozaji wake kwenye kiti chake ndani ya studio tupu, na watazamaji wa filamu za Kihindi, ambao katika miji ya pwani yetu walikuwa wengi na si wa asili ya Kihindi tu, waliweza kumlilia. Eastwood hamruhusu mwongozaji afe. Anayekufa ni mwingine, na anayeketi kwenye kiti anafanya kazi. Lakini hata katika filamu hii yenye kujihukumu, Kivu ni nani? Hana kisa chake. Ushujaa wake ni kioo cha kumwonyesha mzungu aibu yake. Boy Mathias Chuma aliyemwigiza alipewa heshima kubwa ya utulivu na maneno machache sana. Mwongozaji anahukumiwa kwa kifo cha Mwafrika, na hukumu hiyo pia ni hadithi ya mwongozaji.

Ndipo filamu za Waafrika wenyewe kuhusu utengenezaji wa filamu zinapopata uzito wake. Jean-Pierre Bekolo wa Kamerun, alipoombwa na British Film Institute kuchangia katika maadhimisho ya miaka mia moja ya sinema, alitoa Aristotle's Plot (1996), ambamo genge la vijana hushinda katika ukumbi mmoja wakitazama filamu za kupigana za Marekani, na kiongozi wao anaitwa Cinema kwa kuwa amekwisha kuona filamu elfu kumi. Mwongozaji anayerudi nyumbani na azma ya kuwafukuza ili ukumbi uonyeshe filamu za Kiafrika anachekwa sawasawa na wao. Bekolo ni mcheshi, na ucheshi wake wakati mwingine humpotezea njia. Bado, ni yeye aliyeuliza waziwazi kama mtazamaji Mwafrika anaipenda sinema ya Afrika au anapendelea tu kuambiwa kwamba ipo.

Bye Bye Africa ya Mahamat-Saleh Haroun (1999) haina mzaha mwingi. Haroun anaigiza kama yeye mwenyewe: mwongozaji aishiye Ufaransa anayerudi Chad baada ya kifo cha mama yake na kutaka kutengeneza filamu. Kumbi za sinema za N'Djamena zimekuwa magofu. Baba yake haelewi kazi hiyo inamfaa nani. Katika barabara mtu mmoja anamvamia akidai kwamba kamera inamwibia sura. Na yuko Isabelle, mwigizaji ambaye katika filamu yake ya awali aliigiza mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi, na ambaye tangu siku hiyo ametengwa na watu wanaoamini kwamba anao ugonjwa huo kweli.

Mtu akisoma kwa haraka ataona kwamba hapa Sellers ameshinda: Waafrika hawa hawatenganishi mchezo na maisha. Lakini Haroun hakuliweka jambo hilo liwe hivyo. Waliomtenga Isabelle hawakushindwa kuelewa mkato wa picha. Walielewa vizuri sana kwamba mwanamke anayekubali kuonekana akiwa na ugonjwa wa aibu amejitwisha aibu hiyo, kwa sababu anayekaa na majirani baada ya filamu kwisha ni yeye, si mwongozaji. Mwongozaji alikwisha panda ndege. Ndiyo tofauti kubwa kati ya filamu hii na ile ya Truffaut: huko Nice kazi inapokwisha watu wote wanaagana na kutawanyika, na kutawanyika huko kunatia huzuni tamu, N'Djamena kuna mtu asiyeweza kutawanyika. Isabelle anamdai Haroun malipo ambayo hayakuandikwa katika mkataba wowote, na Haroun hana cha kumlipa. Mwishowe anajiua. Haroun mwenyewe, ambaye angeweza kujibakiza safi kama alivyofanya Truffaut, amejiweka mbele ya kamera ili aonekane akidaiwa.

Kuna mtoto katika filamu hiyo, mpwa wa mwongozaji, ambaye amejitengenezea kamera ya vipande vya takataka na huzunguka nayo akiielekeza kwa watu. Haroun anapoondoka kurudi Ufaransa anamwachia mtoto huyo kamera yake halisi, na mtoto anaielekeza kwa mjomba wake anayekwenda zake.